Wahamaji Wangu wa Mashua ya Nchi Kavu

Nyie vijana mnaojifunza kuongoza wageni, kila mkinitembelea swali la kwanza ni Kiingereza nilikipata wapi. Sikukipata. Nilikuwa na maneno ya darasa la saba, mengi yakiwa majina ya vitu vya darasani, na kwa maneno hayohayo nikawaonyesha watu mashua mpaka nywele zikageuka rangi. Kaeni niwasimulie, maana naona mnakariri vitabu mpaka mnasahau kumtazama mgeni usoni.

Mashua yenyewe hamkuiwahi. Ilikuwa upande wa ziwani, si mbali na Mkula, kando ya barabara ya lami inayokwenda Lamadi. Siku hizi mnasema Busega, mkoa wa Simiyu. Wakati ule tulihesabiwa Mwanza, na ziwa lilikuwa lilelile. Ilijengwa kipindi cha ruksa, kila mtu akijaribu biashara yake: huyu mitumba, yule mashine ya kukoboa mpunga, mwingine ananunua pamba akishindana na ushirika. Bosi wangu naye alipata chochote kwenye pamba, akawa anakaa kibarazani anatazama magari ya watalii yanavyopita mbio kwenda Serengeti. Ilimuuma.

"Masalu," aliniambia, "hawa watu wanapita hapa kama hapana watu. Lazima wasimame."

Babu yake alikuwa mmoja wa wale waliovuka ziwa enzi za mkoloni kwenda upande wa Geita kutafuta ardhi, yeye na mke, na watoto, na ng'ombe, kwa mashua ya tanga. Bosi akaamua kujenga mfano wa mashua ile, ukubwa uleule, watu wapande waone wahamaji walivyosafiri. Kwenye kibao cha barabarani akaandika kwa rangi nyekundu: MERIKEBU YA WAHAMAJI. Fundi aliyeijenga, mzee wa Kijita tuliyemwita Fundi Bwire, alikataa katakata. "Merikebu ina moshi," alisema. "Hii ni mashua." Wafugaji wakiiona waliiita bwato. Mimi niliiita kwa jina alilolipenda mtu aliyesimama mbele yangu, na hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, lichukueni bure.

Haikuwahi kugusa maji. Ilikaa juu ya magogo, imepigiliwa misumari mirefu isije ikaangukia wageni, na ngazi moja ya kupandia. Moja tu. Kumbukeni hilo la ngazi.

Mimi nilitoka kwenye kinu cha pamba cha Bariadi, nilikuwa nashona marobota. Ruksa ilipokuja, wengi tulipunguzwa. Lakini nilikuwa kijana wa ndoto jamani! Niliposikia kuna kazi ya mashua, nilijiona tayari nimesimama mbele kabisa, upepo unanipepea shati, nawaita watu wa nchi za mbali kwa majina. Mama yangu alilia akidhani nitakufa maji. Nikamwambia, mama, iko nchi kavu. Akalia zaidi akidhani nimerogwa.

Mwanzoni bosi alinipa hotuba ya kukariri. Nilikuwa naitoa kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi, mikono ubavuni, macho juu. Mgeni akinikatiza kwa swali, inanibidi nianze upya toka "Karibuni wapendwa wageni wetu". Kuna mama mmoja wa Kizungu alisikia mwanzo wa hotuba ile mara nyingi mpaka akawa anaitikia.

Fundi Bwire ndiye aliyeniponya. Alikuwa amekaa anachonga kasia, akaniita.

"Masalu, mbona unawamwagia watu maneno kama maji ya kuoshea vyombo?"

"Sasa nifanyeje, Fundi?"

"Nyamaza kwanza. Waache washike mbao. Mtu akishika mbao ataanza kuuliza mwenyewe, nawe utajibu alichouliza. Si rahisi hiyo?"

Ilikuwa rahisi. Tangu siku hiyo kila mgeni nilimpa kitu cha kushika: kasia, kamba ya katani, kibuyu cha maziwa. Mkono ukishakuwa na kazi, mdomo unafunguka. Watoto wa shule wapeni kamba wavute. Wazee wapeni pa kukaa kabla hamjasema lolote. Na mfugaji akija, msimsimulie habari za tanga wala upepo. Mzee mmoja kutoka Kasoli alizunguka mashua yote kimya, akakagua mbele na nyuma, kisha akaniuliza, "Bhabha, ng'ombe walikuwa wanakunya wapi?"

Swali hilo halikuwamo kwenye hotuba. Lakini lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa, kwa sababu jioni yake nilimwambia bosi kwamba mashua yetu ni tupu mno. Mtu hawezi kuona uhamaji bila kuona mhamaji. Tunahitaji familia, na mizigo, na ndama wa kweli.

Ndivyo nilivyowapata Shija na Limi.

Shija alikuwa mfugaji wa palepale Mkula, kijana mrefu, mpole, anayeongea kama anayekopa maneno. Limi mkewe alitoka kwa watu wa Kasoli, mwepesi wa kucheka, anajua kumtania kila mtu. Walikuwa na mtoto mdogo wa kike. Kazi yao ilikuwa kukaa ndani ya mashua mchana na vyungu, magunia, michembe ya njiani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, jembe, na ndama amefungwa pembeni, wageni wapande wawakute kama wahamaji wa zamani. Limi alikuwa na kipaji. Wageni wakipanda, anawasogezea pembeni ya gunia: "Kaeni, tunavuka wote." Hawaelewi neno, lakini wanakaa.

Wazo la kupunga mkono lilikuwa langu. Magari yalikuwa bado yanapita bila kusimama, nikamwambia Limi, "Ukiona gari lolote, simama uipungie barabara mkono wa kwaheri, kama unaondoka usirudi tena." Na Limi alipunga, vijana! Alipunga kwa mkono mzima, taratibu, hadi dereva anapunguza mwendo mwenyewe. Biashara ikachangamka. Bosi akaninunulia kofia.

Sasa, nyie hamkuona barabara za msimu wa pamba wakati ule. Malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanapishana usiku na mchana, kila lori na utingo wake juu ya mzigo, na utingo ndiye aliyekuwa redio yetu. Utingo mmoja alikuwa mtu wa Kasoli, jirani wa wazazi wa Limi. Akapita siku moja juu ya pamba, akatazama ziwani, akaona nini? Limi wa Mzee Maduhu, ndani ya bwato, amezungukwa na vyungu, magunia, jembe, mtoto mgongoni, ndama ubavuni, mume pembeni. Na Limi, kwa kuwa ni gari, akasimama akapunga mkono wa kwaheri.

Utingo hakusimama. Alikwenda kusema.

Nawaomba mjue watu wetu walikuwaje miaka ile. Kila mwezi ulisikia boma fulani limehama, wamepakia, wamekwenda Rukwa, wamekwenda Usangu, kufuata malisho. Kuhama hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuhama na binti wa watu bila kwenda ukweni kuaga. Hilo ni sawa na kumwiba. Baba wa mke anaweza kuja kumchukua mwanawe njiani, na hakuna mzee wa kumlaumu.

Basi asubuhi ya siku ya pili, nina gari zima la wageni wa Kizungu ndani ya mashua, nimewapa kasia na kamba, Fundi Bwire yuko chini anapaka lami ya mashua, likaja lori la pamba likasimama kwa vumbi. Wakashuka watu na fimbo zao. Mbele yao Mzee Maduhu, mfupi, kifua mbele. Nyuma yake mama mtu mzima mwenye khanga mbili: Mama Limi, mama mkwe wa Shija.

Shija alipoiona khanga ile alitoweka.

Hapa nyie mnaopiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Kwa watu wa Kasoli wa rika lile, mkwilima na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unaingia majanini. Ni heshima kubwa, inashikwa mpaka leo kwenye maboma mengine. Sasa Shija angeingia majani gani? Mashua ina ngazi moja, na chini ya ngazi amesimama mama mkwe. Kijana akajitumbukiza tumboni mwa mashua, chini ya mbao za kukalia, akajifunika gunia la michembe. Mgeni mmoja akampiga picha.

"Mwangaluka, bhabha," nilimsalimia Mzee Maduhu kutoka juu.

"Mwangaluka. Mshushe mwanangu."

"Mzee, karibuni kwanza..."

"Sikuja kukaribishwa. Limi! Shuka! Mtu hajatuaga, anakupakia kama gunia la pamba? Ng'wana wane anapelekwa ng'ambo na mimi nipo hai?"

Limi alianza kucheka, akaona uso wa baba yake, akaacha. "Baba, hii ni kazi tu. Tunaigiza."

"Unaigiza na jembe?"

Mmoja wa wale ndugu wenye fimbo alikuwa amechutama anachungulia chini ya mashua. "Kaka," alimwambia Mzee Maduhu, "mbona hiki kitu hakiko majini?"

"Watakisukuma baadaye."

"Kimepigiliwa misumari."

Mzee Maduhu akaja, akachutama naye. Akashika msumari. Akautikisa. Fundi Bwire, bila kuacha kupaka lami, akamwambia, "Mzee mwenzangu, mashua hii ikifika Geita mimi nitafika Ulaya."

Halafu Mzee Maduhu akaanza kucheka, kicheko kilichotokea tumboni, akapiga fimbo chini. Ndugu zake wakacheka. Dereva wa lori akacheka. Wageni juu ya mashua wakapiga makofi. Mimi nikavuta pumzi, nikaona mambo yamekwisha, tayari nimeanza kufikiria jinsi nitakavyowasimulia watu kijiweni.

Mama Limi hakucheka. Alikuwa amesimama karibu kabisa na ubavu wa mashua, ametazama mbao.

"Sawa," alisema. "Ni mchezo. Basi mkwilima aseme kwa mdomo wake kwamba hahami."

Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye ngazi. Nikainama ndani. "Shija, sema basi. Sema huhami, tuendelee na kazi."

Gunia la michembe halikusema kitu.

"Shija?"

Nikamtazama Limi. Limi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Hapo ndipo nilipojua, nadhani pamoja na kila mtu aliyekuwa chini. Kicheko cha Mzee Maduhu kilikatika katikati. Utingo aliona uongo, lakini alikuwa ameuona ukweli kabla yetu.

"Anasemaje?" aliuliza Mama Limi.

"Mayu, mama yangu, bado anafikiri."

"Mwambie namsubiri."

Nikamwambia. Kutoka chini ya mbao ikatoka sauti ndogo: "Mwambie mayu malisho yamekwisha. Ng'ombe wa baba wamebaki mifupa. Mdogo wangu yuko Rukwa, anasema nyasi zinafika kifuani."

Nikageuka nje. "Mayu, anasema malisho..."

"Nyamaza wewe," alisema Mama Limi, "nimesikia mwenyewe. Hizi ni mbao, si ukuta wa benki." Akasogea, akaongea na mashua moja kwa moja. "Ulikuwa unataka kwenda lini?"

"Tukishauza pamba, mayu."

"Na sisi ungetuambia lini?"

"Kila nikijiandaa kuja Kasoli naona mtasema hapana. Nikaogopa. Nikisema nitakuja kesho, kesho yake naogopa tena."

Hakuna desturi inayokataza kusikilizana. Ubavu wa mashua uliwaficha macho, ukawaachia masikio. Mimi pekee, pale ukingoni, ndiye niliyewaona wote wawili: yule amejikunja ndani, kichwa amekiegemeza kwenye ubao, huyu nje, kiganja amekiweka kwenye ubao uleule.

"Limi," aliita mama yake. "Ulijua?"

"Nilijua, mayu."

"Ndiyo maana unakaa humu kila siku? Unajizoeza?"

Limi akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nilitaka nijue kama naweza kupunga mkono bila kulia. Siku za kwanza nililia. Huyu Masalu alidhani naigiza, akanisifu."

Ni kweli nilimsifu. Nilimwambia ana kipaji.

Mzee Maduhu akakohoa. "Mimi nasema ashuke, turudi naye Kasoli. Huyu mumewe, siku atakapojua kuaga, atatufuata."

Limi akamtazama baba yake, akatazama chini ya mbao alikokuwa mumewe, mtoto akamshika shingo. Hakusogea upande wowote. Nilimwonea huruma, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaongoza watu pale.

"Subiri, Baba Limi," mama yake akasema. "Nataka kupanda."

"Upande uende wapi?"

"Nataka kuona alipokaa."

Ikawa kazi mpya. Mama mkwe anapanda, mkwilima yumo ndani, ngazi moja. Tukashauriana mbele ya wageni kama kamati. Mwishowe Fundi Bwire akamwita Shija upande wa nyuma, ule wa ziwani, na Shija, gunia bado kichwani, akaparamia ukingo akaruka. Alitua kwenye tope mpaka magotini. Wageni wakashangilia. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama kila siku anaruka vile, nikamjibu kwamba leo ni maalumu. Hiyo sentensi niliijua.

Mama Limi akapanda taratibu, nimemshika mkono. Akakaa pale kwenye gunia la Limi. Akapanga khanga. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamwambia mwanawe, "Shuka wewe. Nenda kasimame barabarani."

"Mayu?"

"Nenda. Leo mimi ndiye ninayeondoka, wewe unabaki."

Limi akashuka na mtoto, akaenda akasimama kando ya lami karibu na lile lori. Mama Limi akasimama ndani ya mashua, akainua mkono, akapunga. Barabarani Limi akapunga pia, na sasa alikuwa analia waziwazi, hajizuii, mtoto naye akipunga kwa kuiga. Wale ndugu wenye fimbo walitazama pembeni. Muda mrefu mama yule alipunga, macho hayatoki kwa bintiye. Kisha akakaa.

"Mimi nilitoka Nyalikungu kuja kuolewa Kasoli," alisema. Sijui alikuwa anamwambia nani. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Nilikwenda kwa miguu. Nilikuwa nadhani mama yangu hakujali, maana hakutoka hata kunitazama. Kumbe anayebaki ndiye mwenye kazi ngumu. Huku kwenye chombo unaona mbele."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, macho mekundu, aliniuliza amesema nini. Na mimi ambaye nilikuwa natafsiri hata vitu nisivyovijua, nilitikisa kichwa tu. Alielewa. Akamwachia Mama Limi nafasi ya kunyoosha miguu.

"Baba Limi!" aliita Mama Limi kutoka juu. "Wataenda."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema. Lakini waje Kasoli kwanza. Waage, wale, walale, tuwaombee. Na mvua ikikatika huko Rukwa mwanangu aje anione. Shija! Umesikia?"

"Nimesikia, mayu!" ilijibu sauti kutoka nyuma ya mashua, kwenye tope.

"Na ukija Kasoli upite nyuma ya nyumba kama kawaida. Usijione tumezoeana."

Mzee Maduhu alitaka kukasirika kidogo zaidi, nilimwona anatafuta mahali pa kuanzia, lakini Limi alikuwa amekuja kumpigia magoti, na mtoto amemshika fimbo. Akamnyanyua mjukuu. "Haya," alisema. "Haya. Lakini yule utingo nitamtafuta."

Walikwenda Kasoli kuaga, kama walivyoahidi. Wakakaa kule zaidi ya walivyopanga, maana kila nyumba ilitaka wale kwake. Pamba ilipokwisha kuuzwa, wakapakia kwenye lori la kweli, ng'ombe wakatangulia na vijana kwa miguu. Baadaye nilisikia kutoka kwa utingo mwingine kwamba nyasi za kule ni kweli zinafika kifuani, na kwamba Limi huja Kasoli mvua zikikatika.

Mimi nikabaki na mashua tupu na bosi mwenye wasiwasi. Waombaji wa kazi walikuwa wengi, kwa sababu kukaa kwenye gunia na kulipwa ni kazi inayopendwa. Lakini nikaweka sharti langu, na nawapa nyie mlitumie kwenye kazi zenu kwa namna mtakayoona inafaa. Kila mume na mke waliotaka kuwa wahamaji wangu niliwauliza ukweni ni wapi, halafu nikawaambia: nendeni mkaage kwanza, ndipo mje mpande.

Walinicheka. "Tuage kwenda wapi, Masalu, nawe mashua yako imepigiliwa misumari?"

"Nendeni tu," niliwajibu.

Na walikwenda. Mpaka nastaafu, hakuna familia iliyokaa kwenye mashua ile bila kupata baraka za ukweni. Wengi walirudi na jogoo waliyepewa na mama mkwe, wakapanda naye, na wageni walipoingia waliwakuta wahamaji wangu wanacheka, wamemshika jogoo mabawa, tayari kwa safari.